Kikapu cha Mama Mapendo Kilichobaki Ziwani

Tangazo la kifo cha Mama Mapendo lilipita redioni kati ya tangazo la ng'ombe aliyepotea Kirolirwe na tangazo la harusi ya Burungu, nami nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni. Kipande kile nilikitafuna mpaka jua likazama. Watoto wangu husema ninaongeza chumvi katika kila ninachosimulia. Basi tuseme mpaka saa tisa. Kesho yake nilipanda pikipiki ya kijana mmoja asiyejua breki ni kitu gani, nikashika kofia kwa mkono mmoja na shati lake kwa mkono wa pili, nikafika Muheto, kwetu kwa asili, nikiwa na vumbi la Masisi nzima masikioni. Pale matangani nilipewa kiti, si benchi, kwa heshima ya mvi, nikakaa karibu na jiko la nje ambako akina mama walikuwa wakimenya viazi na kusimulia maisha ya marehemu kwa zamu. Kijana mmoja akaniuliza kama nilimfahamu vizuri. Nikacheka mpaka wakanitazama vibaya, maana msibani watu hucheka kwa kipimo. Nilimfahamu namna gani! Kwa miaka yote tangu ujana wangu, kila tulipokutana, kanisani, sokoni, hata siku ya harusi yangu mwenyewe, Mama Mapendo alinipa swali kabla ya kunipa mkono: “Katibu, kikapu yangu iko wapi?” Mke wangu siku ile alidhani ameolewa na mwizi wa vikapu, na ilinichukua wiki mbili kumweleza. Nitaeleza na hapa, ila kwa wiki mbili sina nafasi.

Ulikuwa mwaka mmoja wa ile miaka ya hamsini, wakati bado tulikuwa chini ya Wabelgiji na kila mtu alitembea na karatasi yake. Mwaka huo ndipo nilipomaliza masomo ya jioni. Tulisoma ndani ya kanisa dogo la udongo, watu wazima wenye mikono ya jembe, tukikaa kwenye mabenchi ya watoto wa katekisimu mpaka magoti yanagusa videvu. Mwalimu alitundika taa ya karabai juu ya ubao, na nondo wote wa Masisi na Walikale walikuja kusoma pamoja nasi. Wengine, nadhani, walifaulu kuliko Papa Machumu aliyekuwa akilala pembeni yangu. Mimi nilipata cheti. Nilikitia kioo, nikakipachika ukutani, nikawa nawaambia wageni kwamba toka Muheto mpaka Walikale cheti cha namna hii kipo kimoja tu. Niliendelea kusema hivyo mpaka siku alipokuja Papa Kabunga, mtu wa Walikale aliyekuwa akileta mafuta ya ngazi, yale mekundu ya michikichi, kwa kuuza, akakitazama muda mrefu, akanijibu kwa upole kwamba kwao viko tisa, na kimoja mwenyewe anafunikia chungu. Hata hivyo cheti kilinipa kazi. Kule kwetu kulikuwa na kikundi kilichoitwa Mikono, cha familia za wakulima wa pale kilimani, waliokuwa wakisaidia aliyeunguliwa nyumba, aliyefiwa, aliyepigwa na mvua ya mawe shambani. Mkubwa wake alikuwa Mama Mapendo, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya kuita mtu toka kilima cha pili. Mikono ilihitaji katibu. Nilichaguliwa bila mpinzani, na kwa kweli bila mwombaji mwingine.

Kamati ilikaa jikoni mwa Mama Mapendo, na mpaka leo nikisikia moshi wa kuni mbichi ninajiona niko mkutanoni. Ukuta ulikuwa mweusi unang'aa kama kiatu cha askari. Tulikaa kwenye vigoda kuzunguka chungu cha maharage, na ajenda, neno nililolileta mimi, ilianza pale tu chungu kilipofunguliwa. Siku ile ninayoisema muuza chumvi alikuwa ametoka ziwani na habari mbaya. Mvua ilikuwa imenyesha karibu mwezi mzima. Mto ukashuka toka mlimani na matope na miti mizima, ziwa likapanda, na kijiji kimoja cha pwani kule chini kikasombwa alfajiri moja: nyumba, vyungu, nyavu, mbuzi, mashamba ya viazi. Watu walikimbilia juu ya kilima na nguo za mwilini. Mama Mapendo aliacha kutafuna. Akasema maharage tunayo, tumetoka kuvuna, na ziwa si mwisho wa dunia, kwa hiyo tutayapeleka. Papa Kabunga, aliyekuwa amepita kusalimia na akakaa kwa sababu ya chungu, akasema ataongeza dumu la mafuta na miguu yake. Yote yaliisha kwa muda wa sahani moja. Ikabaki kujua maharage yatiwe ndani ya nini, na hapo ndipo katibu alipoomba neno.

Lilikuwa kosa langu. Ninalidai mwenyewe kwa sababu wengine wangeligawana. Mama Mapendo alitaka magunia. Mimi nilisimama, nikagonga kichwa kwenye dari la moshi, nikasema kwamba gunia ni chombo cha kupelekea kahawa kwa mzungu, si chombo cha kupelekea chakula kwa jirani aliyepatwa na msiba. Aliyepoteza vyote, nikasema, apewe kwanza heshima. Nikataka vichukuliwe vile vikapu vya kifuniko, vilivyosukwa kwa ukindu mweupe na mweusi, ambavyo kila mama kwetu anavyo kimoja ao viwili kwenye uchago na havitoki isipokuwa kwa kwenda ukweni. Wamama walitazamana. Nikatumia maneno mawili ya Kifaransa. Wakakubali. Papa Kabunga peke yake alinong'ona kwamba kwao Walikale kikapu cha namna ile kina mambo mengi, lakini nilikuwa mtu wa cheti, sikumsikiliza mtu anayefunikia chungu.

Niliandika barua ya kuomba ruhusa ya kusafiri, barua ndefu kiasi kwamba karani alipiga muhuri kabla ya kufika ukurasa wa pili, na tukaondoka watu kama ishirini, vikapu kichwani mwa wamama, vifuniko vinang'aa, ungesema tunapeleka mahari ya binti wa mwami, mtawala mwenyewe. Mimi nilibeba kalamu, daftari, na viatu vyangu. Viatu nilivifunga shingoni kwa kamba ili visichoke njiani, nikatembea peku. Kirolirwe mchungaji mmoja alituona tunapanda na jasho, akatupa kibuyu cha maziwa ya mgando, tukanywa wote mpaka nyusi zikawa nyeupe. Mama Mapendo alipokuwa akirudisha kile kibuyu, bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna, alifungua kikapu chake akatia viganja viwili vya maharage ndani ya kibuyu. Yule mchungaji naye akakipokea bila kutazama ndani. Kwetu ni hivyo: chombo kilichokuja na kitu hakirudi kitupu. Ukirudisha kitupu umemwambia mwenyewe asirudi kwako tena, na kikapu cha kifuniko ndicho chenye masharti makali kuliko vyote. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili, nikayaandika hata katika daftari, “Kirolirwe: maziwa, wakapewa maharage,” na bado kichwa changu hakikufika mahali miguu yangu ilikuwa inakwenda.

Tulishuka ziwani siku ya tatu. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo, na Mama mmoja wa Muheto aliuliza kwa sauti ndogo nani ameyamwaga. Watu wa kijiji walikuwa juu ya kilima, chini ya vibanda vya majani ya migomba. Mkubwa wa wamama wao aliitwa Mama Feza, mwembamba, mrefu, na mtoto wa kike mchanga mgongoni aliyekuwa akilia kilio kile kifupi cha mtoto anayenyonya na hapati. Tulipanga vikapu mstari mmoja mbele yake. Nikatoa hotuba. Wenzangu wanasema ilichukua asubuhi nzima. Mimi nakumbuka ilikuwa fupi sana kwa yale niliyokuwa nayo. Mama Feza alishukuru vizuri, kwa maneno ya heshima, lakini nilimwona anavitazama vile vifuniko vyeupe na vyeusi kama mtu anayetazama askari waliokuja na karatasi. Hakufungua hata kimoja. Walitukaribisha kivulini, wakatuletea viazi vitamu vinne walivyovichimba matopeni na samaki mmoja wa kuchoma, mdogo, mwenye macho ya huruma, tukala watu ishirini kwa sababu kukataa kungekuwa matusi. Mimi nilipata pezi. Wao jioni walichemsha majani ya porini bila chumvi, na maharage yetu yakalala mstarini, yamefunikwa, mita tano toka kwenye vyungu vya kuazima.

Asubuhi iliyofuata vikapu vilikuwa bado vimefungwa. Nilikwenda kunawa uso nyuma ya matete, na ng'ambo ya matete Mama Feza alikuwa anafua na mwenzake. Sikukusudia kusikiliza, masikio yangu ni makubwa tangu kuzaliwa. Yule mwenzake alikuwa anamwambia mtoto hana hata nguvu ya kulia, afungue tu, wale watu wa mlima ni Wakristo, wataelewa. Mama Feza alijibu polepole, huku anapiga nguo juu ya jiwe: “Nitafungua, nitapika, tutakula. Alafu? Kesho watachukua vikapu vyao. Nitaweka nini ndani? Matope? Ziwa ilikamata nyumba yangu, sasa unataka nikule na jina yangu.” Mwenzake akasema wangeleta kwa gunia angekuwa amekwisha kushiba. “Gunia,” Mama Feza akasema, “gunia haina mwenyewe. Sijui nani kule mlimani alikuwa na akili ya kutupiga na vikapu ya ukweni.” Nilibaki nimeinama na maji yanadondoka kwenye kidevu. Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wakubwa, lakini sijawahi kutukanwa kwa haki namna ile.

Nilikwenda kumweleza Mama Mapendo. Nilitegemea sauti ya kilima cha pili. Badala yake alikaa chini. Akasema alijua jambo hili tangu utoto, kila mama kati ya wale waliobeba alilijua, na wote waliliacha jikoni kwa sababu kijana alisema Kifaransa. Tukajaribu dawa. Papa Kabunga alishauri tumwage maharage juu ya mkeka na kuondoa vikapu machoni. Mama Feza akajibu kwa adabu kwamba harufu ya kikapu iko ndani ya maharage, kila mtu ameyaona yakiingia. Mama mwingine akasema vikapu tuwaachie kabisa. Hapo Mama Feza akasikitika hata zaidi, maana sasa tungekuwa tumewapa vitu viwili, maharage na kikapu, na wao hawana hata kimoja cha kurudisha. Mimi nilipendekeza kuandika barua ya msamaha. Mama Mapendo akaniambia nikae mbali, na nisikae karibu na kalamu.

Nikaenda nikakaa mbali, ufukweni, kutazama miguu yangu. Siku tatu za kutembea peku, viatu vikipumzika shingoni, zilikuwa zimepasua visigino vyangu nyufa ambazo panya angejificha na familia yake. Mama Feza alikuwa anapita na mtoto mgongoni. Akasimama. Nadhani njaa, hasira na ule uso wangu vilikutana mahali pamoja, akacheka kwa mara ya kwanza. “Papa Katibu, hii ni mguu ao ni gome ya muti?” Akainama, akaokota jiwe la kijivu, jepesi, lenye matundu kama mkate, akalitupa majini ili nione. Lilielea. Mimi ni mtu wa Muheto. Kwetu mawe tuliyonayo ni ya kuvunja jembe, na nilikuwa sijaona jiwe linalokataa kuzama. Akaniambia nilowanishe mguu nisugue, hiyo njo dawa ya watu wa ziwa. Nilisugua kisigino kimoja. Ngozi ilitoka kama unga. Kisigino kikatokea chini, chekundu, laini, cha mtoto wa jana, na mimi nikaanza kupanda kilima kwa kuruka na mguu ule mmoja juu, nikimwita Mama Mapendo.

Wamama wa Muheto walinizunguka kama mtu aliyeangukiwa na muujiza. Walishika kile kisigino mmoja mmoja. Na niseme wazi, tangu siku ile mpaka leo hakuna sehemu ya mwili wangu iliyopata sifa zaidi. Mama Mapendo alilichukua lile jiwe, akalipima mkononi, akaketi papo hapo, akasugua mguu wake kimyakimya mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mama Feza, na safari hii hakupandisha sauti hata kidogo.

“Mama, hii jiwe kwetu haiko.”

“Ni jiwe tu,” Mama Feza akasema. “Iko mingi, batoto wanachezea.”

“Kwenu iko mingi. Sisi kwetu tuko na maharage mingi, batoto wanarushiana. Unaniona niko nacheka maharage?”

Mama Feza akatazama miguu ya wamama wa Muheto, mistari miwili ya miguu iliyopasuka, na wamama hao, Mungu awabariki, waliinyoosha mbele ili aione vizuri. Mtoto akalia kidogo mgongoni. Mama Feza akaondoa kifuniko cha kikapu kilichokuwa karibu, akazamisha mkono ndani mpaka kiwiko, akauacha humo.

Basi moto uliwashwa. Maharage ya milimani yana kichwa kigumu. Yalichemka toka asubuhi mpaka jua lilipoanza kuinama, na kijiji chote kilikaa kuyazunguka kama watu wanaosubiri hukumu. Papa Kabunga alimwaga mafuta yake ya ngazi kwa ukarimu wa mtu ambaye anajua hatayabeba kurudi. Watoto walikula mpaka matumbo yakawa ngoma. Mama Feza alikula mwisho, sahani tatu, ameegemea kibanda, na kufikia kesho yake mtoto wake alikuwa analia kwa sauti ya kawaida, ile ya kuudhi, nikasikia wamama wanashukuru Mungu kwa makelele yale. Huku nyuma watoto walikuwa wanajaza vikapu mawe, wanachagua mazuri, wanayaosha. Vilipojaa vyote, kikabaki kimoja, kikubwa kuliko vingine, chenye nyota nyeusi juu ya kifuniko. Kilikuwa cha Mama Mapendo. Mama Feza alikichukua akakiweka nyuma yake. Akasema kwa wengine jiwe linatosha, na asante, lakini kikapu cha mkubwa hawezi kukitilia jiwe. Kitakaa kwake mpaka siku atakapokuwa na kitu cha kweli cha kuweka ndani. Niliona Mama Mapendo anafungua mdomo. Kilikuwa kikapu alichosukiwa na mama yake. Akafunga mdomo, akafungua tena, akasema, “Ikae.”

Mimi, kwa adhabu, nilibebeshwa kikapu cha mawe kichwani mpaka Muheto, na watu wa Kirolirwe waliacha ng'ombe kuja kutazama mwanaume mwenye cheti anayepandisha mawe mlimani. Mwaka ule Muheto ilikuwa na visigino visivyo na mfano katika Kivu nzima. Kanisani, watu walipopiga magoti, waliokuwa benchi la nyuma hawakuweza kusali kwa kutazama. Na mwaka ule ndipo nilipojifunza kusikiliza kabla ya kuandika, jambo ambalo masomo ya jioni hayakuwa nalo kwenye ratiba. Mikono ilisaidia wengine wengi baada ya hapo, waliounguliwa, waliosombwa, na tulipeleka kwa magunia. Lakini Mama Mapendo hakuacha kuniuliza. Mwanzoni nilidhani ni hasira. Baadaye, vita na barabara mbovu vilipokata njia ya ziwani na hatukujua tena nani yuko hai kule, niligundua kwamba analiuliza swali lile kama mtu anayeulizia jamaa. Hakuniuliza hata mara moja kama kitarudi. Aliniuliza kiko wapi.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuwasimulia akina mama wa viazi wakati lori lilipomshusha mwanamke mmoja mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini, ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa amebeba kitu kichwani kimefungwa kwenye kitenge. Akauliza kwa Mama Mapendo ni wapi. Akaambiwa ni hapa, lakini amechelewa. Akasema alisikia redioni, anajua, ila mama yake kabla ya kufa alimwachia kazi. Alifungua kitenge. Ukindu ulikuwa umegeuka rangi ya chai, lakini nyota juu ya kifuniko ilikuwa nyeusi vile vile. Ndani kulikuwa na maharage, yale yale ya kwetu yenye madoa, kikapu tele. Mama Feza, akasema binti, siku ile kabla ya kupika alificha kiganja kimoja kwa kupanda, na tangu hapo kila mavuno alichagua akasema bado, si mazuri ya kutosha. Nilisimama, nikamwambia kwamba mara ya mwisho tulipoonana alikuwa analia. Akanitazama miguu kwanza. “Ah,” akasema, “njo weye wa gome ya muti.”

Yakabandikwa palepale, na yakachukua alasiri nzima, na waombolezaji waliotaka kuondoka mapema hawakuondoka. Nilikula sahani tatu. Kisha ikatokea shida ndogo ambayo kwetu si ndogo: kikapu kimefika nyumbani kwake, hakirudi, lakini huyu dada amekuja na mzigo, atarudije ziwani mikono bure? Wamama walibishana kwa furaha mpaka msiba ukasahau kwamba ni msiba. Nikaingia chumbani mwa marehemu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na chini yake, kando ya beseni la kunawia miguu, nililikuta lile jiwe pale nilipojua lipo. Nilitoka nikalitia mkononi mwa yule binti. Akaligeuza, la kijivu, lenye matundu, lililobaki ukubwa wa yai la kuku.

“Papa Katibu, hii imeisha kabisa.”

“Ilifanya kazi, mwanangu,” nikamwambia. “Rudisha kwa ziwa ipumzike.”